Polepole ya Nani?

Kwa Kiswahili neno ni moja: mfereji. Wa Suez ni mfereji, na ule unaopita chini ya shamba la bibi yangu, milimani juu ya Same, ambao mtoto anauruka kwa hatua moja, nao ni mfereji. Sikuwahi kulifikiria jambo hili mpaka likizo moja ya kiangazi niliyokaa kwa bibi wiki tatu. Mchana nilikuwa nafuata maji shambani. Usiku, mtandao ukishika, nilikuwa naangalia video za Waingereza wanaosafiri na paka wao kwa mashua, kwenye mifereji ya kwao.

Kama hujawahi kuziona, zinafanana sana. Mashua ni ndefu na nyembamba, upana wake mita mbili na kidogo, urefu unaweza kufika mita 22. Ndani kuna jiko la kuni au makaa ya mawe, kitanda, rafu ya vitabu. Mwendo unaoruhusiwa hauzidi kilomita sita na nusu kwa saa, kwa hiyo mtu anayetembea ukingoni akiamua kukaza hatua anaiacha nyuma. Miti inapita. Daraja la mawe linapita. Paka amelala juu ya paa. Mwenye mashua anachemsha chai, anasema neno moja mawili kuhusu mvua, na dakika arobaini zimekwisha bila lolote kutokea.

Nilizipenda. Nasema hivyo mapema ili usidhani nimekuja kumcheka mtu. Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam nikiwa nimechoka, na kuona mashua ikipita taratibu kulinipa usingizi kuliko dawa. Lakini usiku wa nne nilimwonyesha bibi, na bibi akauliza maswali mawili ambayo yameniharibia starehe hiyo mpaka leo.

La kwanza: “Maji yote hayo, nani anamwagilia?”

La pili: “Na huyo paka, akishuka?”

Nilicheka, nikajibu ovyo, nikazima simu. Kisha nikaanza kutafuta nani aliyeanzisha aina hii ya masimulizi, na nikafika kwa L. T. C. Rolt.

Rolt alikuwa mhandisi. Mwezi Julai 1939, yeye na mkewe Angela waliondoka Banbury na mashua ya mbao iitwayo Cressy, wakazunguka mifereji ya katikati ya Uingereza. Vita Kuu ya Pili ilitangazwa wakiwa bado safarini. Kitabu chake, Narrow Boat, kilitoka Desemba 1944, na hadi leo wengi wanaoandika au kupiga video za safari hizo wanatembea katika nyayo zake, wawe wamemsoma au hawajamsoma.

Ubora wa Rolt ni kwamba anajibu swali la kwanza la bibi. Kwa sababu ni fundi, hawezi kuona kitu bila kuuliza kinafanyaje kazi. Mfereji wa Kiingereza unapanda vilima kwa vyumba vya maji: mashua inaingia, milango inafungwa nyuma yake, maji yanafunguliwa kutoka juu, chumba kinajaa, mashua inainuka, milango ya mbele inafunguliwa. Kila mashua inapopita, maji ya chumba kizima, karibu lita laki moja kwa vile vyembamba, huteremka na hayarudi yenyewe. Ndiyo maana waliochimba mifereji hiyo, kuanzia karne ya 18, walilazimika kujenga mabwawa juu vilimani ili kuilisha. Kiangazi kikiwa kikali mabwawa yanapungua, na milango ya sehemu nyingine hufungwa. Kuna mahali panaitwa Tardebigge, ambapo Cressy ilifungwa kwa miaka mitano, 1941 hadi 1946. Hapo kuna vyumba 30 mfululizo, na ukivimaliza vyote umepanda mita 67 tu.

Niliposoma habari za mabwawa hayo nilikaa wima. Sisi tuna ndiva. Kwa asiyejua: ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe, siku hizi mara nyingi limesakafiwa kwa saruji, linalojengwa juu ya mashamba. Kijito cha mlimani kinaelekezwa humo kwa mfereji, maji yanakusanyika usiku kucha, na asubuhi mlango unafunguliwa ili yateremke kwa nguvu inayotosha kufika shamba la mwisho. Zamani ndiva zilikuwa mali ya koo, na kila ukoo ulijua mlinzi wa maji yake. Leo nyingi zina kamati na ratiba ya zamu. Wapare wamefanya hivi tangu kabla ya Mjerumani kuleta reli inayopita chini yetu kuelekea Moshi. Kumbe mfereji wa bibi na mfereji wa Rolt vinatunzwa kwa akili ileile: maji ni machache, yawekwe juu, yatoke kwa hesabu.

Video za siku hizi hazina habari hii. Maji yapo tu, kama anga ilivyo. Mtu anazungusha wenzo, mlango unafunguka, muziki wa piano unaendelea. Kosa lake kubwa kwangu, kama kazi ya sanaa, ndilo hili. Zinakuonyesha matokeo ya mpangilio mkubwa wa watu na maji, zikauita utulivu, na mpangilio wenyewe hauonekani. Rolt angesimamisha safari kurasa mbili akueleze bawaba.

Lakini Rolt naye ana upofu wake, na sitaki kumsamehe haraka kwa sababu tu ni wa zamani. Upofu huo uko pale anapowaangalia watu wa mashua: familia zilizobeba makaa na shehena nyingine, zilizoishi katika chumba kidogo nyuma ya mzigo, zilizopaka ndoo zao maua ya waridi na ngome. Anawapenda kwa dhati. Anawaona kama mabaki ya Uingereza safi ambayo viwanda havijaiharibu. Hata hivyo, familia nyingi hazikuhamia majini kwa kupenda mandhari. Reli ilipowanyang'anya mizigo katika karne ya 19, malipo yalishuka, na mwenye mashua akaona heri mke na watoto wawe wafanyakazi wake, kwa kuwa aliyelipwa alikuwa yeye peke yake. Mwanamke alishika usukani, akapika, akalea, akafungua milango, bila mshahara. Watoto wengi hawakukaa shuleni muda wa kutosha kujua kusoma. Polepole ile ambayo Rolt anaiimbia ilikuwa, kwao, siku ya kazi isiyoisha.

Hapo ndipo ninapomkumbuka baba mdogo. Zamu yake ya maji ikifika, anaondoka nyumbani alfajiri na jembe begani, anaufuata mfereji kutoka kwenye ndiva mpaka shambani. Anatembea polepole sana. Anatazama kila mahali ukingo ulipobomoka, kila mahali ambapo mtu mwenye shida kuliko haya ametoboa tundu. Kuna siku nilimfuata na simu, nikapiga picha: ukungu, majani ya migomba, maji yaking'aa, mzee na jembe. Picha zilikuwa nzuri mno. Nikaziweka mtandaoni, watu wakaandika kwamba wanatamani maisha hayo. Sikuandika kwamba siku ile maji hayakufika. Mahindi yake ya mwisho shambani yalikuwa yamejikunja kama sigara, naye alikaa chini ya mgomba bila kuzungumza, na mimi sikujua niseme nini zaidi ya “pole, baba”.

Kwa hiyo nisimnyooshee Rolt kidole kana kwamba mkono wangu ni safi. Nilifanya kosa lilelile kwa ndugu yangu wa damu. Kasi ya mtu ilinivutia, nikasahau kuuliza ni nani aliyempangia.

Polepole ya kuchagua na polepole ya kulazimishwa hufanana kwenye picha. Zote zina ukungu. Kazi ya mwandishi ni kuzitenganisha, na nadhani njia ya kuzitenganisha ni kuuliza: ukichelewa, nani analipa?

Na kuna aina ya tatu, ambayo historia ya hapahapa imenifundisha. Januari 1945, mwezi mmoja tu baada ya kitabu cha Rolt kutoka, maelfu ya Wapare walishuka milimani kwa miguu wakaja Same, makao ya wilaya ya kikoloni, kupinga mbiru, kodi mpya iliyokadiriwa kwa mali ya kila mtu. Walikaa. Hawakuwa na haraka. Upinzani huo uliendelea hadi 1947, na Profesa Isaria Kimambo ameuandikia kitabu kizima. Mkoloni aliyezoea kutoa amri asubuhi na kutii kuonekana jioni alikuta watu walioamua kwamba muda ni wao. Mashamba yalikuwa yanawasubiri huko juu, na kila siku waliyokaa Same ilikuwa na gharama. Polepole yao waliichagua wenyewe, na waliilipia wenyewe.

Kwa kipimo hicho Rolt anarudi kupata heshima yangu. Baada ya kitabu, hakuishia kusifu mandhari. Mwaka 1946 yeye na Robert Aickman, aliyemwandikia barua baada ya kukisoma, walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha kupigania mifereji hiyo isifukiwe na kusahauliwa. Mashua za paka ninazoziangalia zina mahali pa kupita kwa sababu, kwa sehemu, mtu aliandika kitabu cha polepole kisha akaingia kwenye vikao. Familia za mizigo, kwa kweli, hazikuokolewa. Waliobaki majini zaidi ni watalii na wale walioamua kuishi humo. Ushindi wa kitabu hicho una kivuli hicho, na msomaji makini atavibeba vyote viwili.

Sasa swali la pili la bibi. Paka akishuka?

Niliporudi kuziangalia video nikiwa na swali hilo, niligundua kwamba zile nzuri, maana zipo, ni zile zinazolijibu. Bibi anajua paka. Ana mmoja anayelinda mahindi darini, na husema paka ni wa nyumba, si wa mtu. Ukihama, humwambii. Sasa fikiria nyumba yenyewe ndiyo inayohama. Kwa sheria ya kule, mashua isiyo na maegesho yake ya kudumu haitakiwi kukaa sehemu moja zaidi ya siku 14, isipokuwa kwa sababu ya msingi. Siku ya kuondoka imefika, injini inanguruma, na paka yuko vichakani anawinda.

Katika video moja mwenye mashua anazima injini. Anasimama ukingoni na bakuli, anaita. Jua linazama. Anaita tena, sauti inaanza kutetemeka kidogo, naye anajua kamera inarekodi na haijali tena. Hakuna piano. Dakika sita nzima hatujui kama paka atarudi. Ni sehemu pekee ambayo kusubiri kuna gharama, na ndiyo sehemu pekee niliyoikumbuka kesho yake. Kwa dakika hizo sita, mtu yule na baba mdogo walikuwa nchi moja.

Siku yangu ya mwisho kijijini zamu ilikuwa yetu tena. Nilimfuata baba mdogo, safari hii simu nikaiacha kwa bibi, nikabeba jembe. Tulifika kwenye ndiva kabla ya jua. Ilikuwa haijajaa hata nusu. Mwanamke mmoja, jirani, alikuwa ameshafika, amekaa ukingoni, amejifunika khanga mabegani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Mmelala?”

“Tumelala. Yanakuja?”

Akatazama mdomo wa mfereji, pale maji yanapoingilia, uzi mwembamba uliokuwa ukitoa mlio kama wa mtu anayemimina chai.

“Yanakuja,” alisema. Tukakaa.