Kiambishi tu- katika Masimulizi ya Safari za Ughaibuni

Mume anaposimulia safari ya ughaibuni, "Mchana tulizuru makumbusho, usiku tukacheza dansi," kiambishi tu- kinamhesabu mkewe. Hata hivyo, hakituelezi iwapo mke naye alivutiwa na alichokiona mumewe, wala iwapo alitaka kucheza. Ushirika wa kitendo si ushirika wa mtazamo.

Tatizo hilo limo pia katika kitabu cha Martin Kayamba, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza (1932), ambacho kichwa chake kinakirudia kiambishi hicho mara mbili. Kayamba alikwenda London mwaka 1931, pamoja na Waafrika wenzake wawili wa Tanganyika, kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge kuhusu mpango wa kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Waliosafiri ni watatu. Aliyeandika ni mmoja.

Tukikisoma kitabu hicho madarasani hapa Dodoma kama kauli ya wajumbe wote, tunawanyamazisha wawili kwa jina la wingi. Uhakiki wa masimulizi ya safari, yawe ya wanandoa au ya wajumbe, hauna budi kumtenganisha anayehesabiwa na anayesema.