Kumaliza NetHack bila kuua

Mchezaji yeyote wa NetHack aliyewahi kufika kisiwa cha Medusa anaijua dawa yake. Unavaa ngao au hirizi inayoakisi, unamsogelea, anakutazama, na macho yake yanamrudia mwenyewe akageuka jiwe. Jasho halikutoki. Lakini kwa aliyejiwekea mwiko wa kutoua, kazi yote inaharibikia hapo, kwa sababu gemu inakiandika kifo hicho kwa jina lako. Hakuna king'ora kinacholia. Unaendelea kushuka ukijiona mtakatifu, hadi siku unapofungua orodha ya miiko na kukuta mmoja umetoweka.

Wengi wanaojaribu miiko hucheza vilevile walivyozoea, ila wanaongeza tahadhari. Ndiyo maana hawafiki. Mwiko unapindua ramani nzima: silaha uliyoitegemea inageuka mtego, na udhaifu uliouonea aibu unageuka ngao. Mchezo ninaouchambua hapa niliumalizia Mwanga, Kigoma, kwa miiko mitatu kwa pamoja: kutoua, kutosoma na kutokula nyama.

Kwa asiyeijua, NetHack ilitoka mwaka 1987 na ni ya ukoo wa Rogue, gemu ya mwaka 1980. Unashuka shimo lenye ghorofa zipatazo 50 kuitafuta Hirizi ya Yendor, kisha unapanda nayo hadi juu kabisa, unapita ulimwengu wa ardhi, hewa, moto na maji, na kuitoa sadaka kwa mungu wa mhusika wako. Ukifa, umekufa. Faili linafutwa na shimo linapangwa upya. Picha hakuna: wewe ni @, mbwa ni d, joka ni D. Laptopu kuukuu inaibeba bila kulalamika, haili bando ukishaipakua, na haiuzwi hata senti. Asiidharau mtu kwa sura yake. Mwaka 2021, katika mkutano wa NeurIPS, watafiti wa akili bandia walishindanisha programu za kuicheza, na hakuna programu hata moja iliyoimaliza.

Miiko yenyewe haikuongezei alama. Gemu inatunza daftari tu, na mwishoni inakusomea: hukula nyama, hukusali, hukuwahi kupiga kwa silaha ya mkononi, na kadhalika. Bei za miiko hiyo hazilingani hata kidogo. Wa kutofuta aina ya viumbe, kwa mfano, aliyejinyima kusoma anaupata karibu bure, kwa kuwa uchawi huo kwa kawaida hutoka kwenye hati ambayo ni lazima isomwe. Wa kutotumia silaha nao una mlango wa nyuma: unakataza kupiga kwa kilichomo mkononi, haukatazi kurusha. Kuna watu wanajisifia mwiko huo huku wameua nusu ya shimo kwa visu vya kurusha. Mimi siuhesabu.

Mhusika niliyemchagua ni Tabibu wa kabila la vibwengo. Tabibu hudharauliwa kwa sababu hajui kupigana. Silaha yake ni kisu cha upasuaji. Kwa asiyekusudia kuua, upungufu huo hauna maana yoyote. Vilivyobaki mfukoni mwake ndivyo vya thamani: fimbo ya kulaza usingizi, dawa za kuponya, na aina tatu za uganga anazozijua tangu kuzaliwa. Uganga huo ndio unaoyaunganisha mambo. Kwa sheria za gemu kusoma kitabu ni kusoma, lakini kutamka uganga ulio kichwani si kusoma. Asiyejua herufi anaruhusiwa kuponya. Tatizo ni kwamba kumbukumbu hiyo inadumu zamu 20,000, na kuifufua kunahitaji kitabu. Kwa hiyo saa inaanza kwenda tangu zamu ya kwanza.

Ukibwengo nao una kazi yake. Migodi iliyo karibu na juu imejaa vibwengo, na wengi wao hawamgusi mwenzao. Mhusika wa kibinadamu asiyeua angepita humo akikimbizwa kila hatua.

Sasa fedha. Tabibu anaanza na sarafu kati ya 1,001 na 2,000, akiba ambayo wahusika wengine wanaiota tu. Ina milango miwili ya kutokea. Kuhani wa mji wa migodini, ukimpa sarafu 400 kwa kila kiwango ulichofikia, anakuongezea kinga ya mwili. Mtabiri anayekaa kati ya ghorofa ya 5 na ya 9 anatoza 500 na kuongeza 50 kwa kila kiwango, na ushauri wake unakupa uzoefu bila kumwaga damu, unaotosha kumtoa anayeanza kiwango cha 1 na kumweka cha 2. Asiyeua ataona hiyo ni zawadi na kumkimbilia Mtabiri. Akifanya hivyo amepoteza. Kwenye kiwango cha 1 kinga moja ni sarafu 400. Kwenye cha 2 ni 800. Nenda kwa kuhani kwanza, maliza fedha yote huko, kisha tafuta nyingine kwa ajili ya Mtabiri. Mji huohuo kuna duka la taa la Izchak, ambako utapata mishumaa. Utahitaji saba mwisho wa safari. Jina hilo ni la Izchak Miller, mmoja wa waundaji wa gemu na mwalimu wa falsafa, aliyefariki mwaka 1994. Wenzake wakamwachia duka.

Kubaki kwenye kiwango cha chini kuna faida nyingine kubwa ambayo wachezaji wa kawaida hawaionji. Nguvu ya viumbe wapya wanaozaliwa shimoni hupimwa kwa kujumlisha ghorofa uliyopo na kiwango chako, kisha kugawa kwa mbili. Shujaa wa kiwango cha 10 akiwa ghorofa ya 10 anakutana na viumbe wa hadi kiwango cha 10. Tabibu wangu wa kiwango cha 2, ghorofa hiyohiyo, hakuletewa wa kuzidi kiwango cha 6. Shimo lilimdharau, na dharau hiyo ndiyo iliyomvusha.

Kazi ya kuua inahamia kwa mnyama wa kufugwa anayeandamana nawe. Gemu haimhesabii bwana damu anayomwaga paka wake, na hapo maadili ya mwiko huu yana harufu kidogo, lakini sheria ndiyo hiyo. Paka ana akili yake: hamvamii adui aliyemzidi viwango viwili au zaidi, kwa hiyo lazima akuzwe polepole kwa windo dogo. Akijeruhiwa unamponya kwa uganga uleule wa kujiponya, ukimwelekezea. Kuanzia ghorofa ya 8 hutokea mitego ya kubadili umbo. Ukiipata, usikanyage wewe. Mwite paka aipitie, na aipitie tena, hadi atoke na umbo la kutisha. Mwiko wa kutobadili umbo lako hauguswi, maana aliyebadilika ni yeye. Unaposhuka ngazi hakikisha yuko ubavuni pako, kwa sababu ukimwacha ghorofa nyingine muda mrefu anaweza kukusahau na kugeuka adui.

Miiko miwili, wa kutoua na wa nyama, inakutana tumboni. Mhusika anaanza na akiba ya chakula ya 900 na kila zamu inakula 1. Chini ya 150 ana njaa, chini ya 50 anadhoofika. Uganga wa kuponya wa kawaida unagharimu akiba 10 kila unapotamkwa, ule mkubwa 30. Mchezaji anayemponya paka mara 90 amekula tumbo lake lote, hata kama hajatembea hatua. Hapo ndipo asiyekula nyama anapobanwa, kwa sababu mizoga anayoiacha paka, chakula cha bure cha wachezaji wote, kwake ni haramu isipokuwa kuvu, ute na jamii zake. Mzoga wa kuvu-mwamba si lazima uliwe siku hiyohiyo, kwa kuwa hauozi; nilikuwa nikiuokota kila ninapouona. Nilipodhoofika nilisali, na sala iliyokubaliwa inarudisha akiba hadi 900. Ndiyo sababu sikuchukua mwiko wa kutosali. Ule na huu wa nyama, juu ya paka anayetaka kuponywa kila saa, si miiko miwili tena. Ni kamba moja shingoni.

Kuna jambo moja litakalowachekesha watu wa huku. Ujiji ukimwambia mwenyeji kwamba huli nyama, atakuletea samaki, mgebuka, kwa moyo mweupe. NetHack haina ukarimu huo: mkunga ni nyama, na ukimwonja daftari limeharibika.

Kucheza kwa masharti ya kujitungia si mambo ya skrini peke yake, na ziwa letu lina mfano wake. Julai 26, 1916, Wajerumani wakiwa wanaukimbia mji wa Kigoma, meli yao Graf von Götzen ilitakiwa kuzamishwa isije ikamfaa adui. Njia rahisi ilikuwa baruti. Mafundi waliotoka nayo Papenburg, Ujerumani, wakajiongezea sharti: izame, lakini isiharibike. Sharti hilo likaamua kila kitu kilichofuata. Walizipaka injini grisi nzito, wakaijaza meli mchanga, wakaishusha taratibu karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na tangu 1927 tunaijua kwa jina la Liemba. Aliyetumia baruti angemaliza kazi siku hiyohiyo, na Kigoma isingekuwa na meli hiyo.

Turudi shimoni, kwenye kizuizi kigumu kuliko vyote. Ili ukabidhiwe Kengele inayohitajika kufungulia patakatifu pa mwisho, lazima uingie kwenye safari maalumu ya mhusika wako, na mkuu wake, kwa Tabibu ni Hippocrates, hampokei mtu aliye chini ya kiwango cha 14. Asiyeua hapandi kwa kupigana. Wachezaji wengi hula mizoga ya mizuka inayoongeza kiwango. Mwiko wa nyama umeufunga mlango huo. Zinabaki dawa za kuongeza kiwango, na kutoka cha 2 hadi cha 14 ni dawa 12. Hazipatikani njiani kwa idadi hiyo. Nyingine nilizitengeneza: ukichovya dawa ya mwangaza wa nafsi kwenye dawa ya kuelea, mara mbili kati ya tatu hutoka ya kuongeza kiwango. Zilizobaki ziliniletea uamuzi uliopindua mpangilio mzima. Kwa kawaida mtu humaliza safari maalumu kwanza, ndipo aende kwenye Kasri, ambako kila mchezo huwa kuna fimbo ya kutimiza matakwa. Mimi ilibidi niende Kasri kwanza, nikiwa dhaifu, nikaombe dawa na kinubi cha uchawi cha kufuga viumbe, ndipo nirudi juu kwa Hippocrates.

Na Kasri liko chini ya Medusa. Suluhisho langu halikuwa la kishujaa. Nilifunga macho kwa kitambaa, nikafika nchi kavu ya ghorofa ile, nikachimba shimo sakafuni na kuanguka chini bila kumgusa. Kwenye Kasri kuna mtego wa pili wa aina ileile: daraja la kuinuliwa likifungwa kwa mkono wako na kumponda askari, aliyeua ni wewe. Nililifungua kwa muziki, nikaliacha wazi hadi mwisho, askari wakashughulikiwa na wanyama wangu.

Baada ya hapo mambo yalikuwa mteremko. Cyclops anayeishika Kengele, Vlad mwenye kinara cha mishumaa na Mchawi wa Yendor mwenye Kitabu cha Wafu, wote waliangushwa na kundi lililofugwa kwa kinubi. Asiyesoma ataogopa Kitabu hicho, kwa kuwa bila kukisoma patakatifu hapafunguki. Asiogope. Waundaji waliandika wazi kwenye programu kwamba vitendo vya lazima ili kushinda havihesabiwi kuwa uvunjaji wa mwiko, na ndiyo maana hata asiyesali anaruhusiwa kuitoa Hirizi madhabahuni. Ulimwengu wa mwisho, walipo Kifo, Tauni na Njaa, hauhitaji kuwaua, unahitaji kuwapita. Mhusika mwenye msimamo mzuri kwa mungu wake hupewa malaika mlinzi akifika pale, na mikono isiyoua haikumharibia sifa hiyo.

Kati ya mitatu, wa kutosoma ulinisumbua kidogo kuliko nilivyotarajia, wa nyama ulinisumbua zaidi, na wa kutoua ndio pekee ulionilazimisha kubadili mpangilio wa safari. Anayetaka kujaribu aanze na wa nyama peke yake, kwa mhusika yeyote anayempenda, ajifunze kwanza kuhesabu tumbo. Wa kutoua auchukue baadaye, aanze na Tabibu, na sarafu zake asizipeleke kwa Mtabiri kabla ya kuhani.