Utulivu wa Helikopta Ndogo Unakaa Wapi?

Siku hizi mtoto wa miaka kumi aliyenunuliwa helikopta ndogo ya rimoti huiinua sakafuni na kuisimamisha hewani kabla betri ya kwanza haijaisha. Miaka sitini iliyopita, watu wazima wenye karakana zao walishindwa na jambo hilohilo. Injini walikuwa nazo. Redio walikuwa nazo. Mapanga ya kuinua uzito walijua kuyachonga. Walichokosa ni namna ya kuituliza helikopta kwa muda wa kutosha ili mkono wa binadamu uwahi kuiongoza.

Utulivu huo ulipatikana hatua kwa hatua, na kila hatua ilikuwa uhamisho. Ulianza kama kipande cha chuma kwenye rota, ukapita kwenye makasia na jairo, ukaishia ndani ya chipu ya kielektroniki. Nashikilia kwamba fundi anayejua utulivu wa chombo chake umekaa wapi ndiye anayeweza kukirekebisha kikawa bora. Asiyejua hilo huongeza nguvu, kisha huokota vipande.

Kwa nini udogo ni mzigo

Wengi hudhani helikopta ndogo ni rahisi kuirusha kuliko kubwa. Simamisha fagio kwenye kiganja, halafu ujaribu kalamu, na utaona kinyume chake. Fagio huanguka polepole, mkono ukaweza kulifuata. Kalamu imeshaanguka kabla hujaamua usogee upande gani.

Hesabu inathibitisha hivyo. Vipimo vyote vya chombo vikipunguzwa nusu, uzito wake hubaki moja ya 8, lakini ukinzani wake dhidi ya kugeuzwa hubaki moja ya 32. Nguvu za rota nazo hupungua, ila si kwa kasi hiyo. Matokeo yake ni chombo kinachoinama haraka kwa upepo mdogo na kwa kosa dogo la kidole, ilhali rubani ni yuleyule, mwenye macho na vidole vinavyohitaji takriban moja ya tano ya sekunde kujibu.

Isitoshe, helikopta inayosimama hewani haina tabia ya kujirudi yenyewe. Ikisukumwa kulia huanza kuteleza kulia. Upepo wa mtelezo huo huiinamisha rota upande wa pili, chombo kikarudi kwa kishindo, kikapitiliza, na kila bembea ikawa kubwa kuliko iliyotangulia. Mtu akiiachia bila msaada wowote, mwisho wake ni kupinduka.

Ghala la Paoli

Aliyelipatia jambo hili jibu la kudumu alilipata kwa kutumia modeli. Mmarekani Arthur Young, aliyesomea hisabati Princeton, alianza kushughulika na helikopta mwaka 1928, akaendelea kwa zaidi ya miaka kumi kwa gharama zake, mwishowe katika ghala la shamba lake huko Paoli, Pennsylvania. Alitengeneza vyombo vidogo vya umeme vilivyoongozwa kutoka mbali. Vilipovunjika alivitengeneza tena, jambo ambalo asingeweza kulifanya na helikopta ya kubeba mtu. Modeli zenye mapanga ya bawaba zilipanda, zikayumba, zikapinduka.

Ndipo akaweka ufito chini ya mapanga mawili, umekingama nayo, wenye uzito kwenye ncha zake mbili, ukizunguka pamoja na mhimili. Kitu kizito kinachozunguka kwa kasi hung'ang'ania bapa la mzunguko wake. Mwili wa helikopta ukiinama, ufito haukubali kuinama nao papo hapo. Young aliunganisha ufito na mapanga kwa vijiti, hivi kwamba tofauti kati ya mwili ulioinama na ufito uliobaki sawa ilibadilisha pembe ya mapanga yenyewe. Rota ikafuata ufito badala ya kufuata mwili, na bembea ikafa kabla haijakua.

Mwaka 1941 Young alionyesha modeli yake katika kampuni ya Bell huko Buffalo, akapewa karakana na watu wa kufanya nao kazi. Bell 47, iliyozaliwa na kazi hiyo, ilipata cheti cha urukaji wa kiraia Marekani tarehe 8 Machi 1946, na ilikuwa helikopta ya kwanza kupewa cheti cha aina hiyo. Kwa hiyo anayekaa mezani leo akisogeza vijiuzito vya ufito wa helikopta ya gramu chache anafanya kazi ileile iliyozaa helikopta za hospitali na za uokoaji.

Makasia na redio

Ufito wa Young ulituliza, lakini haukumsaidia rubani kuamuru. Stanley Hiller wa California aliongeza vibawa vidogo mfano wa makasia kwenye ncha za ufito. Rubani akavuta usukani, makasia yakabadili pembe, hewa ikauinamisha ufito, nao ufito ukayaongoza mapanga makubwa. Amri ya mkono sasa ilipita kwanza kwenye kitu kinachopoza haraka yake.

Mpango huo ndio uliofungua mlango kwa warushaji wa modeli. Mjerumani Dieter Schlüter alitumia miaka ya 1960 akiitafuta helikopta ya redio inayotawalika kweli, akafanikiwa na modeli ya Bell Huey Cobra mwishoni mwa muongo huo. Juni 1970 aliweka rekodi ya kuruka takriban kilomita 11.5, na nyingine ya kukaa hewani kwa karibu dakika 28. Muda si mrefu helikopta kama hiyo ikauzwa katika maboksi, na fundi wa kawaida akaweza kuijenga nyumbani.

Kuanzia hapo ufito ukawa kifaa cha kwanza cha marekebisho, na kanuni zake ni nyoofu. Ongeza uzito wa ncha, helikopta itatulia na kuwa nzito kujibu. Punguza uzito au weka makasia mepesi, itachangamka na kumchosha anayejifunza. Refusha ufito, utulivu utaongezeka, lakini makasia yatakula nguvu zaidi ya injini kwa kuikata hewa. Hakuna mpangilio ulio bora kwa wote. Kuna mpangilio unaofaa mkono fulani na kazi fulani.

Helikopta za rota mbili zinazopishana, zile ambazo watoto wengi huanza nazo, zimeufikisha mpango huu mwisho wake. Rota ya juu haipokei amri yoyote ya rubani ya kuinama, bali huongozwa na ufito wenye uzito peke yake. Rota ya chini tu ndiyo inayomsikia rubani. Nusu ya chombo imekabidhiwa utulivu, na ndiyo sababu kinasimama sebuleni bila kuhangaika, lakini kikitolewa nje upepo kidogo unakishinda. Kung'oa vijiuzito ili kukiongezea mbio kunakigeuza kuwa chombo kingine kabisa, chenye kumdai rubani ujuzi ambao huenda bado hana.

Kutoka chuma hadi chipu

Mkia ndio uliotangulia kuachana na mbinu za chuma tupu. Rota kuu ikizunguka upande mmoja, mwili hutaka kuzunguka upande wa pili, na kazi ya rota ya mkia ni kuuzuia. Kila nguvu ya rota kuu inapobadilika, mkia lazima ubadilike nayo. Warushaji wa mwanzo walifanya hivyo kwa kidole. Baadaye zikaja jairo, yaani vihisi vya kugeuka, kwanza zenye gurudumu linalozunguka ndani, kisha za kielektroniki zisizo na gurudumu. Katika miaka ya 1990 zikapatikana jairo zinazokumbuka mkia ulielekea wapi na kuurudisha palepale, badala ya kupunguza tu kasi ya kugeuka kwake.

Vihisi hivyo vilipokuwa vidogo na vya bei nafuu, swali lilijileta lenyewe: kama chipu inaweza kuulinda mkia, kwa nini isiilinde na rota kuu? Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, mifumo kama V-Stabi ya kampuni ya Mikado ya Ujerumani ilianza kuuondoa ufito. Vihisi vitatu hupima kuinama mbele, kuinama ubavuni na kugeuka, mamia ya mara kwa sekunde. Kompyuta hulinganisha kipimo na amri ya rubani, kisha huzituma sevo, yaani mota ndogo zinazosogeza viungo vya rota, kusahihisha tofauti. Ufito wa Young bado upo, ila umekuwa mistari ya programu.

Faida ilionekana mara moja. Makasia yaliyokula nguvu yaliondoka, kichwa cha rota kikabaki na viungo vichache, na utulivu ukarekebishwa kwa namba badala ya bisibisi. Gharama nayo ilikuwepo. Chuma hakijali mtetemo kama chipu inavyoujali. Mhimili uliopinda kidogo au mapanga yenye uzito usiolingana huzalisha mtikisiko ambao kihisi huusoma kana kwamba chombo kinainama. Kompyuta husahihisha kosa ambalo halipo na kutengeneza kosa la kweli. Kwa sababu hiyo, kwenye helikopta isiyo na ufito, kusawazisha mapanga na kubandika bodi kwa utepe laini wa sponji ni sehemu ya uongozaji kamili, si urembo. Na ukiongeza kiwango cha masahihisho kupita kiasi, chombo huanza kutetemeka haraka huku na huko, kwa kuwa kila sahihisho linapitiliza na kudai jingine.

Mota mpya, mkia uleule

Mwaka 2011 ilitoka helikopta ndogo ya Blade mCP X, na hapo ndipo tunaona vizuri jinsi hesabu hizi zinavyokutana katika kitu cha kukaa kiganjani. Uzito wake ni takriban gramu 45, rota yake ina upana wa karibu milimita 245, haina ufito, na mapanga yake hubadili pembe hadi kuweza kuruka kichwa chini. Betri ni ya seli moja. Rota kuu na rota ya mkia zina mota mbili tofauti za kaboni, yaani zenye brashi za kaboni, na mkia hauna mapanga ya kubadili pembe. Ukitaka mkia usukume zaidi, huna budi kuizungusha mota yake kwa kasi zaidi.

Warushaji wengi waliivua mota kuu ya kaboni na kuweka isiyo na kaboni, yenye nguvu zaidi na inayodumu. Kazi yenyewe inataka ustadi. Bodi ya helikopta hutoa umeme wa kukatwakatwa uliokusudiwa mota ya kaboni, ilhali mota mpya inahitaji kidhibiti mwendo chenye nyaya tatu. Mafundi waliandika upya programu za vidhibiti hivyo ili visome ishara ileile ya bodi. Huo ni uhandisi wa kweli, uliofanywa na watu kwa mapenzi yao na kugawiwa wengine bure.

Lakini rota kuu yenye nguvu zaidi huusukuma mwili kuzunguka kwa nguvu zaidi, na mkia ni uleule. Msukumo wa panga hupanda kwa mraba wa kasi yake, na nguvu inayohitajika hupanda kwa mchemraba. Kwa hiyo, ili msukumo wa mkia uwe maradufu, kasi lazima ipande mara 1.4 hivi, na mota lazima itoe nguvu karibu mara 2.8. Mota ndogo ya mkia haina akiba hiyo. Zaidi ya hapo, mota zote mbili zinanywa kwenye seli moja. Seli iliyojaa ina volti 4.2, lakini rota kuu ikivuta mkondo mkubwa kwa ghafla, volti hushuka. Mkia unanyimwa umeme sekunde ileile unapouhitaji kuliko wakati wowote. Rubani anapandisha mapanga, na helikopta inazunguka kwenye mhimili wake bila kuombwa. Kompyuta inajua, inaamuru, lakini mota haina cha kutoa.

Hatua inayofuata kwa kawaida ni mota kubwa ya mkia, na hapo uzito huingia. Gramu 1 iliyokaa sentimita 15 nyuma ya mhimili inadai gramu 5 zilizokaa sentimita 3 mbele yake. Kwenye chombo cha gramu 45 hilo si jambo dogo. Betri husogezwa mbele, nyaya za mkia hubadilishwa ziwe nene zaidi ili zisipoteze volti njiani, na huenda bomba la mkia likarefushwa ili msukumo uleule upate wenzo mrefu. Toleo la kiwandani la mCP X lisilo na kaboni, lililokuja baadaye, lilibadilisha mota zote mbili kwa pamoja. Huo ndio uamuzi ambao hesabu ilikuwa ikiudai tangu mwanzo.

Mpangilio wa kazi

Kutokana na hayo yote ninapendekeza utaratibu, na ninausimamia. Kwanza ondoa mtetemo: nyoosha au badilisha mhimili, sawazisha mapanga, kaza viungo vilivyolegea bila kuvibana. Pili, hakikisha umeme unafika, kwa betri yenye afya na nyaya zinazotosha, na seli za lithiamu usizichaji kupita volti 4.2 wala usiziache peke yake zikichajiwa. Tatu, rekebisha utulivu pale ulipo, iwe kwenye vijiuzito vya ufito au kwenye namba za kompyuta, jambo moja kwa wakati, ili ujue ni lipi lililoleta tofauti. Nguvu iwe ya mwisho, na isiongezwe kwenye rota kuu kabla mkia haujaandaliwa kuipokea.

Anayefuata mpangilio huu atatumia fedha kidogo na kuruka zaidi. La muhimu zaidi, kila badiliko litamfundisha kitu kuhusu urukaji wenyewe, na hiyo ndiyo thamani kubwa ya burudani hii. Young alitumia miaka yote ile kujifunza kwa modeli zilizoanguka kwa sababu kila anguko lilimjibu swali. Mtu anayebadilisha sehemu tatu kwa mkupuo, akarusha, akaanguka, hana swali lililojibiwa, na kesho ataanza upya akiwa hajui zaidi ya alivyojua jana.