Karatasi, Wino na Okidi ya Madoa

Okidi iitwayo Ansellia africana, ambayo maua yake ya manjano yametapakaa madoa ya hudhurungi mfano wa ngozi ya chui, huota juu ya mibuyu, mikoma na miti mingine mikubwa kuanzia Afrika Magharibi hadi pwani ya Kenya na Tanzania, na kuteremka hadi kusini mwa bara. Kwa miaka mingi imekuwa ikibanduliwa mitini na kuuzwa kwa wapenda bustani, huku miti inayoibeba ikikatwa kwa ajili ya mkaa na mashamba, na leo imo katika orodha ya kimataifa ya spishi zinazokabiliwa na hatari ya kutoweka. Hasara hiyo husemwa, ingawa si kwa sauti inayostahili. Kuna hasara ya pili isiyosemwa kabisa, nayo ni kufifia kwa ufundi wa mikono na macho uliowawezesha watu kuijua okidi hiyo ilivyo.

Wako wanaodhani kwamba mmea unaokaa juu ya mti mwingine lazima uunyonye, na kwa sababu hiyo huung'oa wakiamini wanauokoa mti. Ansellia haimnyonyi mwenyeji wake, bali humtumia kama mahali pa kukaa tu, na chakula chake hukitafuta kwa njia ya ajabu. Mizizi yake ni ya namna mbili: ile inayoshika gome, na ile myembamba, myeupe na yenye ncha kali, ambayo badala ya kushuka huelekea juu na kusimama wima kwa mamia kulizunguka shina, ikafanya kikapu kinachodaka majani makavu, vumbi na vinyesi vya ndege. Takataka hizo huoza humo zikawa mbolea, na mmea ukajilisha kwa udongo uliojitengenezea wenyewe angani. Mizizi ya okidi za mitini imevikwa velameni, yaani ala ya seli zilizokufa ambayo hufyonza mvua kama sifongo, na maji yaliyopatikana huwekwa akiba katika mashina marefu manene yanayoweza kuvuka nusu mita, ili mmea ustahimili miezi ya kiangazi.

Mmea wa namna hiyo humsumbua sana anayetaka kuuhifadhi, na hapo ndipo ufundi unapoanza. Majani ya miti mingi hulazwa kati ya karatasi, yakabanwa kwa mbao na kamba, yakakauka kwa siku chache. Lakini shina la okidi lililojaa maji linaweza kuendelea kuishi ndani ya karatasi, likachipua au likaoza na kuharibu kila kilicho karibu nalo, hivyo fundi hulipasua kwa urefu au hulichovya kwanza katika maji yanayochemka. Ua nalo hupoteza rangi likikauka, na yale madoa yaliyolipa sifa hugeuka kuwa weusi mtupu. Kwa sababu hiyo kikaratasi kinachobandikwa pembeni huwa na thamani sawa na mmea wenyewe, kwani humo huandikwa mahali, tarehe, jina la mti uliobeba okidi, kimo kutoka ardhini, rangi ya kila sehemu ya ua lilipokuwa bichi, na harufu yake. Mkusanyaji mzuri huandika hayo palepale chini ya mti, kwa kuwa kumbukumbu ya rangi hudanganya kabla ya jua kuchwa.

Sehemu inayostahili kusifiwa kuliko zote hufanyika mbali na msitu, mezani. Ua lililokauka kwa miaka, pengine kabla mchunguzi wake hajazaliwa, huchovywa katika maji ya moto hadi lilainike na kurudia umbo lake, kisha hufunguliwa kwa sindano chini ya hadubini kwa utulivu usioruhusu kukohoa. Sepali tatu hutandazwa, petali mbili zikafuata, na ile petali ya tatu iitwayo mdomo, ambayo katika Ansellia ina ndewe tatu na matuta ya manjano katikati, hulazwa peke yake ipimwe. Hubaki nguzo, kiungo ambacho ndani yake sehemu za kiume na za kike za ua zimeungana kuwa kitu kimoja, tofauti na maua mengi ambayo stameni husimama mbalimbali. Na kwenye ncha yake, chini ya kifuniko kidogo, chavua haikai kama unga bali imeshikamana kuwa vidonge.

Mchoraji hukaa kando ya mtaalamu na kuchora kwa kalamu na wino kila kiungo kwa kipimo chake, akikumbuka kwamba anachora spishi nzima, wala si ua moja lililogugunwa na mdudu. Kamera haijui kuchagua hivyo. Hunasa kivuli na kasoro kwa uaminifu uleule inaonasa umbo, ilhali mkono wa mchoraji umeshajifunza kipi ni cha kudumu na kipi kimetokea kwa bahati. Mstari mmoja wa wino uliochorwa vyema kwenye ukingo wa mdomo wa okidi unaweza kumaliza ubishi wa majina uliodumu vizazi viwili.

Na ubishi ulikuwepo. John Ansell aliipata okidi hiyo mwaka 1841 katika kisiwa cha Fernando Po, kinachoitwa sasa Bioko, na mwaka 1844 John Lindley wa Uingereza akaipa jina la mkusanyaji huyo. Baadaye mimea yenye madoa mengi, yenye madoa machache, mikubwa na midogo ilipewa majina mbalimbali, kana kwamba kila eneo lina spishi yake, mpaka sampuli za pande zote za bara zilipolazwa bega kwa bega ikaonekana kwamba tofauti hizo huingiliana bila mpaka, nayo jenasi nzima ikahesabiwa kuwa na spishi moja tu. Hukumu hiyo isingewezekana bila hebaria, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa na kupangwa kwa majina. Hebaria ya Afrika Mashariki, iliyoanzia Amani katika milima ya Usambara mwaka 1902, ilihamishiwa Nairobi mwaka 1950, na karatasi zake pamoja na zile za bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, zilizaa kitabu kikuu cha mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania, kilichoanza kutolewa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012 kikiwa kimeeleza spishi zaidi ya 12,000. Kazi ya miaka 60! Ni nadra siku hizi kuona taasisi inayokubali kuanza jambo ambalo waanzilishi wake hawataliona likiisha.

Hazina hizo zinaweza kupotea kwa usiku mmoja. Machi 1943, mabomu ya vita yaliiteketeza sehemu kubwa ya hebaria ya Berlin, na humo ukaungua mkusanyiko wa Rudolf Schlechter, aliyeeleza okidi nyingi za Afrika, zikiwamo za nchi ambayo sasa ni Tanzania Bara. Sampuli aliyoitumia mtaalamu kutoa jina ndiyo shahidi wa jina hilo, na shahidi akishaungua wataalamu hubaki wakitegemea nakala zilizopelekwa kwingine na michoro iliyokuwa imechapishwa.

Moto wa sasa ni wa polepole. Vijana wanaosoma elimu ya viumbe hufundishwa kusoma vinasaba, jambo jema lenye faida yake, lakini wengi humaliza masomo bila kubana hata jani moja, na wazee wanaojua kuitambua okidi isiyo na ua kwa kupapasa shina lake hawaachi wanafunzi. Msituni nako, aliyeibandua Ansellia kwa panga ili aiuze kando ya barabara hafikirii kwamba mbegu ya okidi ni vumbi lisilo na akiba ya chakula, ambalo haliwezi kuota mpaka likutane na kuvu wa kulilisha, na kwamba kichaka kilichojaa kikapu kizima cha mizizi kimechukua miaka mingi kufika hapo.

Vyuo vikuu vya Afrika Mashariki virudishe mafunzo ya kubana, kuandika na kuchora mimea kuwa sehemu ya lazima ya elimu ya viumbe, na serikali zizipe hebaria zake watunzaji na wachoraji wa kudumu. Msomaji naye asinunue okidi iliyotolewa porini, na akikuta tawi lililoangushwa na upepo likiwa na Ansellia juu yake, aiarifu hebaria iliyo karibu, akitaja mahali, tarehe, aina ya mti na rangi ya ua kabla halijanyauka.