Gari Namba 43

Miongoni mwa vitu vilivyohifadhiwa na Taasisi ya Smithsonian mjini Washington, Marekani, limo gari moja la mashindano aina ya Pontiac Grand Prix, rangi nyekundu na buluu, lenye namba 43 mlangoni. Nasema mlangoni, lakini mlango huo haufunguki. Dereva aliingilia dirishani, mithili ya mwanafunzi mtoro arudiye bwenini usiku. Mbio hizo zilipoanza mwaka 1949, washindani walitumia magari yaleyale yaliyouzwa dukani. Hili la mwaka 1984 lilibakiwa na sura tu ya gari la dukani; mifupa yake iliundwa kwa ajili ya mbio.

Tarehe 4 Julai 1984, katika uwanja wa Daytona, Florida, Richard Petty alilitumia kupata ushindi wake wa 200, mbele ya Rais Ronald Reagan. Anayemfuata kwa idadi, David Pearson, alishinda mara 105. Petty mwenyewe hakushinda tena hadi alipostaafu mwaka 1992.

Hapana budi gari kama hilo lihifadhiwe. Walakini, msomaji, mimi niliyetumia miaka mingi kuwafundisha walimu namna ya kupima kazi za watoto, naona kasoro katika heshima hii. Imesimama juu ya tarakimu moja, na tarakimu ni shahidi mwenye maneno machache.

Hebu tutazame siku yenyewe. Mizunguko ikiwa imebaki michache, gari jingine lilipata ajali. Kwa sheria ya wakati ule, madereva walishindana kwanza kuifikia bendera ya njano, kisha waliendelea polepole bila kupitana. Petty na Cale Yarborough walikimbia ubavu kwa ubavu, na Petty akatangulia kwa tofauti isiyofika urefu wa gari. Kwa hiyo ushindi ule mashuhuri ulipatikana kabla ya mzunguko wa mwisho. Yarborough naye, akidhani mbio zimekwisha, alitoka njiani mzunguko mmoja mapema, na nafasi ya pili ikamwendea Harry Gant.

Gari lile peke yake halisemi habari hizo. Lakini bila Yarborough kumbana vile, ushindi wa 200 ungekuwa hesabu tu. Waliolifunga injini na kubadili magurudumu yake kwa sekunde chache nao hawaonekani. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Shule zetu nazo zina makabati ya vikombe. Kikombe humtaja mshindi na mwaka, basi. Mwalimu mwema huongeza kwa mdomo yule aliyeshindwa kwa hatua moja, ili mtoto ajue kwamba ushindi hupimwa kwa ubora wa aliyeshindwa. Gari namba 43 linastahili mahali lilipo. Linastahili pia msimulizi kando yake.