Mkono wa Nani? Uhakiki wa Zana za Mtandaoni za Kuandikia kwa Kushirikiana Darasani

Uhakiki wa zana za kufundishia umezoea kwenda kwa orodha. Zana huwekwa mezani, sifa zake zikahesabiwa: hubeba picha, hubeba sauti, huingiza watu wangapi kwa mara moja, ni ya bure au ya kulipia, kisha hupewa nyota kama hoteli. Orodha za namna hiyo zilienea sana baada ya Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, na kila mwalimu, apende asipende, akatafuta mahali pa kukutana na wanafunzi wake. Hazikuwa kazi bure. Hata hivyo, kwa mwalimu wa Kiswahili ambaye kazi yake ni kuwafundisha watu kuandika, zinaacha nje swali lililo zito kuliko yote: wanachuo sita wakiandika insha moja, mkono wa kila mmoja utaonekana wapi?

Swali hilo lina historia yake katika vyuo vya Kongo. Kazi ya kikundi imekuwa desturi humo kwa kuwa darasa la mwaka wa kwanza huweza kuwa na mamia ya wanachuo, na mwalimu mmoja hawezi kusahihisha insha zote. Wanachuo hugawanywa makundi. Kila kundi huleta karatasi moja yenye majina kumi juu yake. Alama hutolewa moja kwa wote. Darasani hujulikana vizuri nani aliyeandika, nani aliyelipia uchapaji na nani aliyeongezwa jina kwa huruma. Asiyejua ni mwalimu peke yake. Zana ya mtandaoni isiyobadilisha hali hiyo imeihamisha karatasi ile ile kutoka mezani hadi kwenye kioo cha simu, basi.

Vigezo vya kuchagulia teknolojia havikukosekana. Mwaka 1995 Tony Bates, aliyefundisha katika Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kabla ya kuhamia Kanada, alitoa mfumo wa vigezo saba akaweka upatikanaji mwanzoni na gharama baada yake. Mwaka 2003 yeye na Gary Poole waliupanga upya, vigezo vikawa vinane, wanafunzi wakashika nafasi ya kwanza. Katika mifumo yote miwili upya wa zana umewekwa nafasi ya pili kutoka mwisho. Mpangilio huo una hekima ambayo orodha za siku hizi zimeipindua, maana husifu kwanza kile kilichotoka juzi. Lakini hata kwa Bates, kati ya vigezo vyote hakuna kilichotengewa kumbukumbu ya nani alifanya nini. Mwingiliano wa wanafunzi umo. Alama ya mwingiliano huo haikupewa nafasi yake.

Yafaa kuanza na zana inayotumika kweli, nayo ni WhatsApp. Haikuundwa kwa ajili ya shule, wala hakuna wizara iliyoichagua. Imeingia darasani kwa sababu tayari ilikuwa mifukoni. Kiongozi wa darasa, yule ambaye wanachuo humwita CP, hupeleka humo tangazo la mhadhara ulioahirishwa, picha ya ubao, silabusi nzima iliyopigwa PDF. Ujumbe hungoja simu iliyozimwa au isiyo na mega hadi itakaporudi mtandaoni. Sauti hupita pia, na kwa mwalimu wa fonetiki hilo ni jambo kubwa. Kama kengele ya shule, hakuna kifaa kingine kilichowahi kuwafikia wanachuo wengi hivyo kwa bei ndogo hivyo.

Kama daftari, ni kibovu. Rasimu huzunguka kama faili zenye majina ya kuchekesha, «insha ya mwisho», «insha ya mwisho kabisa», hata isijulikane ipi ndiyo iliyosahihishwa. Tangu 2017 mtu aweza kufuta ujumbe wake kwa wote. Tangu 2023 aweza kuubadilisha katika muda wa dakika kumi na tano, na kinachobaki ni ishara kwamba umebadilishwa, bila maneno ya kwanza. Aidha namba ya simu ya kila mmoja huwa kwa kawaida wazi mbele ya wenzake wote. Katika darasa la watu mia tatu wasiojuana, mwanafunzi wa kike hana sababu ya kulichukulia jambo hilo kuwa dogo, wala mwalimu hana haki ya kumlazimisha.

Kuna hasara nyingine ambayo wahakiki wa zana hawaigusi, labda kwa kuwa wengi wao hawafundishi lugha. Wanachuo wa Lubumbashi wakijadili insha katika kundi la simu, hawajadili kwa Kiswahili sanifu. Huandika «batoto» mahali pa «watoto», «ku masomo» mahali pa «shuleni», na Kifaransa hupita katikati ya sentensi bila kubisha hodi. Kisha insha hufika kwa mwalimu ikiwa imevaa nguo rasmi. Safari kutoka «batoto» hadi «watoto», mabishano juu ya kiambishi kipi kitumike, mtu anayesema «hapana, hiyo ni ya nyumbani»: huko ndiko sarufi inakojifunzwa. Zana inayoyaacha mazungumzo hayo yapotee na kuhifadhi insha tu imetupa somo na kuhifadhi alama. Mwanaisimu angelipa fedha nyingi kuyapata mazungumzo kama hayo, ingawa hapana budi wenyewe waulizwe kwanza kama wanakubali yasomwe.

Nyaraka za pamoja hujibu swali la mkono kwa uwazi zaidi. Google Docs, iliyoanza 2006, huweka historia ya kila toleo, hata mwalimu akaona nani aliongeza aya gani na lini. Etherpad, iliyotokea 2008, humpa kila mwandishi rangi yake, na ukurasa huonekana kama kitenge. Rangi hizo hupendeza, nazo hudanganya. Zinahesabu herufi, hazihesabu fikra. Wanachuo watatu wakikaa chini ya mwembe na simu moja yenye mega, mmoja akaandika huku wawili wakimwambia la kuandika, ukurasa utakuwa wa rangi moja, na mwalimu mwepesi wa kuamini mashine atawapa wawili sifuri. Historia ya toleo ni ushahidi wa kuulizia maswali. Akiifanya hukumu, mwalimu ataonea watu. Pia zana hizi huwa nzuri pale mtandao unapotulia, jambo ambalo mwanachuo anayenunua mega za siku moja hana hakika nalo.

Inabaki Wikipedia, ambayo waalimu wengi huizuia kama chanzo na ambayo kama zoezi la kuandika imefikiriwa kidogo mno. Toleo lake la Kiswahili lilianza 2003. Kila makala ina ukurasa wa historia unaoonyesha kila badiliko, hata la nukta moja, na ukurasa wa majadiliano ambamo waandishi hubishana hadharani. Msomaji wake ni mtu halisi anayetafuta habari, tofauti na insha ya darasani ambayo msomaji wake mmoja huisoma akiwa na kalamu nyekundu. Kwa kipimo cha mkono, hakuna zana ya bure inayoizidi.

Lakini jaribio lake kubwa kwa wanachuo wa Kiswahili halikufanikiwa kama lilivyotarajiwa. Mwishoni mwa 2009 kampuni ya Google ilitangaza shindano la kuandika makala katika Wikipedia ya Kiswahili, likiwalenga wanachuo wa Kenya na Tanzania, pamoja na zawadi kama kompyuta. Likaisha mapema 2010. Makala ziliongezeka kwa mamia. Zawadi zilipokwisha kutolewa, washiriki wengi hawakurudi, na kundi dogo la wahariri wa kujitolea likabaki na kazi ya kusafisha tafsiri za haraka kutoka Kiingereza. Waliolaumu wanachuo walikosea mlango. Zana ilifanya kazi yake barabara: historia ya kila makala ilionyesha mkono wa kila mtu. Aliyekosekana ni mwalimu wa kuisoma historia hiyo, kumwita mwandishi na kumwuliza kwa nini sentensi yake ya Kiswahili imesimama kwa miguu ya Kiingereza. Shindano lilihesabu makala, na washiriki waliandika kile kilichohesabiwa.

Kuna pia suala la umri. Wikispaces, ambako madarasa mengi duniani yalikuwa na kurasa zao, ilifungwa kwa madarasa mwaka 2018. Edmodo ilifungwa Septemba 2022. Flip ilistaafishwa 2024, na Jamboard ikafuata mwishoni mwa mwaka huo huo. Hata mpango wa Wikipedia Zero, uliowaruhusu wateja wa baadhi ya kampuni za simu kuisoma Wikipedia bila kulipia mega, ulianza 2012 na kumalizwa 2018. Waliojifunza zana hizo kwa taabu walianza upya. Linganisha na hifadhi ya Kiswahili cha watu iliyoanzishwa Amsterdam mwaka 1998 na Johannes Fabian na Vincent de Rooij, ambamo maandishi ya 1965 ya André Yav juu ya mji wa Elisabethville yaliwekwa kwa kurasa sahili, bila rangi wala kitufe. Maandishi matupu hunakiliwa kwa urahisi. Yaliyofungwa ndani ya kampuni huondoka na kampuni.

Kwa hoja hiyo Moodle, iliyotolewa mwaka 2002 kutoka Perth, Australia, hutajwa mara nyingi kama dawa, maana chuo huweza kuiweka kwenye mashine yake chenyewe. Ni kweli, kwa sharti la umeme na fundi ambaye hataondoka mshahara ukichelewa. Ikiwekwa kwenye mtandao wa ndani ya chuo, ina faida nyingine ambayo Kongo imefundishwa kwa vitendo: tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini kwa muda wa karibu wiki tatu. Darasa lililokuwa limeweka kila kitu nje halikuwa na kitu.

Mwalimu wa uandishi wa Kiswahili mjini Lubumbashi anaweza basi kuacha WhatsApp iendelee kuwa kengele, na kwa kundi dogo la wanachuo kumi au kumi na wawili akajaribu makala moja ya Wikipedia kwa muhula mzima: makala moja, isiyohesabiwa kwa urefu, ikiandikwa kwanza kwenye daftari la karatasi na kupandishwa siku mega zinapopatikana, kila mmoja kwa jina lake la kupanga. Alama itolewe kwa ukurasa wa historia pamoja na mahojiano mafupi ya mdomo, ili wale wawili wa chini ya mwembe wapate kusema. Linalobaki gumu ni lugha ya majadiliano. Kiswahili cha Kongo kina msimbo wake katika viwango vya ISO 639-3, yaani swc, kando ya swh cha pwani, ila Wikipedia ya Kiswahili inaandikwa kwa sanifu, na mhariri aliye Dar es Salaam akikuta «batoto» katika makala ataifuta, naye atakuwa na haki. Katika ukurasa wa majadiliano haki hiyo haimfikii. Humo wanachuo wanaweza kubishana kama wanavyobishana nyumbani, na mhariri wa Dar es Salaam akitaka kujua kwa nini kiambishi kimebadilika, atalazimika kuwauliza.