Saa Moja Isiyokatika

Nyimbo mbili za hausi zikianzishwa pamoja, moja ya mapigo 120 kwa dakika na nyingine ya mapigo 122, sekunde za mwanzo hazimshtui mtu. Dundo linaangukia juu ya dundo na kila kitu kinaonekana kiko sawa. Sekunde ya 15 ikifika, zimeshaachana nusu pigo: dundo la huku linalia kwenye pengo la kule, na anayecheza hajui tena mguu auweke wapi. Sekunde ya 30 tofauti inatimia pigo zima, nyimbo zinagusana tena kidogo, halafu zinaanza kuachana upya.

Kuziba mwanya huo ndilo somo la kwanza la kazi ya DJ. Kwa miaka mingi liliwachukua wanafunzi miezi ya kukaa na hedifoni sikio moja, sikio la pili likiwa wazi kusikiliza bafle. Siku hizi kitufe kimoja cha programu kinalimaliza kabla mtu hajapepesa jicho, na wako wazee wa santuri wanaonuna kwa ajili hiyo. Wananuna bure. Kitufe hakijui wimbo gani ufuate. Hakijui kwamba sauti ya mwimbaji ikiingia juu ya sauti ya mwimbaji mwingine huo ni ugomvi, wala kwamba watu wamechoka na wanahitaji dakika tatu za ngoma tupu wapumue.

Ufundi wenyewe si wa jana. Huko New York, mwishoni mwa miaka ya 1960, Francis Grasso alikuwa akiunganisha sahani mbili kwa vidole na hedifoni ili ngoma isikatike ukumbini, na anahesabiwa miongoni mwa waliofungua njia hiyo. Mwaka 1979 ikatoka mashine ya santuri ya Technics SL-1200MK2, yenye kitelezo cha kuongeza au kupunguza kasi hadi asilimia 8, na mikono ya ma-DJ ikapata kifaa kilichowatii. Chicago, katika ukumbi wa Warehouse uliofunguliwa 1977, Frankie Knuckles alikuwa akiwachezea vijana weusi na Walatino, wengi wao wapenzi wa jinsia moja waliokuwa wakifukuzwa kwingine. Sahani mpya za disko zilipoanza kuadimika, alikaa na rafiki yake Erasmo Rivera, wakakata utepe wa kurekodia kwa wembe na kuugundisha upya: mlio wa ngoma ukarefushwa, ubeti uliochosha ukatupwa, sehemu iliyowapandisha watu mori ikarudiwa. Wimbo wa dakika nne ukawa wa dakika nane.

Na tangu mwanzo kabisa, kuunganisha kulikwenda sambamba na kugawana. Kuanzia 1981 kundi la Hot Mix 5 lilikuwa likirusha miksi zake, nyimbo zilizounganishwa bila kukatika, katika redio ya WBMX ya Chicago, na vijana walikaa kando ya redio, kidole juu ya kitufe cha kurekodi, ili Jumatatu wawe na kaseti ya kubadilishana shuleni. Upande mwingine wa mji, katika ukumbi wa Music Box, Ron Hardy alipokea kaseti kutoka kwa vijana waliotengeneza muziki majumbani. Kundi la Phuture lilimpelekea wimbo wa ajabu, mashine ikilia kama inayokoroma. Aliucheza mara ya kwanza, watu wakatoka uwanjani. Akaurudia. Ilipofika mara ya nne, usiku uleule, ukumbi ulikuwa umegeuka wazimu. Wimbo huo ulizunguka mjini kwa kaseti za kunakili kabla ya kutoka rasmi mwaka 1987 kwa jina la Acid Tracks, na wengi walikuwa wakiuita kwa jina la Ron Hardy badala ya jina la wenyewe. Mtu anayedai kwamba DJ hatengenezi kitu, anacheza tu kazi za wenzake, aufikirie usiku ule. Bila ukaidi wa Hardy, kaseti ile ingerudi mfukoni.

Kutoka Chicago hadi milima ya Kivu ni mbali, lakini sikio la Mkongo lilikwisha kufundishwa subira ya aina hii. Enzi za sahani ndogo za mizunguko 45, orkestra za Kinshasa ziligawa wimbo mmoja pande mbili: upande wa kwanza maneno, mapenzi na malalamiko, upande wa pili seben, gita zikizunguka juu ya mstari mmoja wakati watu wanacheza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Zaïko Langa Langa wakaleta atalaku, mtu wa kuchochea uwanja kwa sauti, na seben ikazidi kutawala. Aliyekulia Kadutu au Bagira, mitaa ya mji wa Bukavu, huku nganda, yaani baa ya jirani, ikipiga gita hizo hadi usiku wa manane haulizi kwa nini wimbo wa hausi unachukua dakika mbili kabla ya kuleta besi. Anajua kungoja. Tena anajua kinachongojwa.

Hapo ndipo miksi ya hausi inapopata makao Bukavu bila kubisha hodi. DJ anaweza kuanza na mapigo 118, ngoma za Afrika Kusini zenye nafasi nyingi ndani yake, akapanda polepole hadi 124, na katikati akapenyeza kipande cha gita la Kikongo kilichokatwa kikazungushwa. Mahesabu yake si magumu ila hayasamehe. Mapigo manne hufanya kipimo kimoja, na vipimo vinane ni mapigo 32, ambayo kwa kasi ya 120 ni sekunde 16 kamili. Muziki wa hausi hubadilika katika mafundo hayo: tari linaingia, besi inatoka, sauti inarudi. Wimbo mpya ukiingizwa katikati ya fundo, hata mapigo yakiwa yamelingana kama uzi, msikilizaji atahisi kuna mtu amemkatiza. Halafu kuna noti. C meja na G meja hushirikiana noti sita kati ya saba, kwa hiyo nyimbo za funguo hizo hukaa pamoja kwa amani. C meja na F# meja hushirikiana mbili tu, na zikikutana hata asiyejua muziki atakunja uso.

Besi ina sheria yake: moja kwa wakati mmoja. Mbili zikilia pamoja, sauti inakuwa tope na bafle ndogo inaanza kutetemeka kwa uchungu. DJ mwenye mkono mzuri huingiza wimbo mpya akiwa ameuzima sehemu ya chini, matoazi na tari vikitangulia kimyakimya, kisha fundo likigeuka anazima besi ya zamani na kuwasha mpya kwa mara moja. Ikifanyika sawasawa, hakuna anayejua wimbo ulibadilika saa ngapi. Ni ufundi ambao sifa yake kubwa ni kutoonekana, na labda ndiyo maana husifiwa kwa nadra.

Bukavu kuna shida ambayo Chicago haikuwa nayo. Umeme wa mji hutoka mto Ruzizi, unaomwaga maji ya Ziwa Kivu kuelekea Tanganyika: mtambo wa kwanza ni wa mwishoni mwa miaka ya 1950, wa pili wa 1989, na mji umekwisha kuizidi nguvu mitambo hiyo. Mtaa mmoja unawaka, wa pili uko gizani. Kurekodi saa nzima bila kukatika, hapo, ni jambo la kupangia siku. Betri ya laptopu inajazwa mapema. Kifaa cha kuchezea kinachaguliwa kile kidogo kinachonyonya umeme wa laptopu yenyewe kupitia waya wa USB, kisichohitaji plagi ukutani. Programu nayo si lazima iwe ya bei. Mixxx, inayotengenezwa na watu wa kujitolea tangu 2001, hailipiwi kabisa na huendeshwa hata na mashine zilizochoka. VirtualDJ nayo ni bure kwa anayechezea nyumbani bila vifaa vya kitaalamu. Laptopu kuukuu, hedifoni na nyimbo chache alizozisikiliza mpaka anazijua hadi mwisho vinamtosha mtu kuanza. Nyimbo elfu tano ambazo hajazisikiliza hazimsaidii kitu.

Kisha faili linaondoka mjini.

Luhwindja ni usultani wa milimani katika wilaya ya Mwenga. Mlima wa Twangiza, ambako kampuni ya Banro ya Canada ilianza kuzalisha dhahabu kibiashara mwaka 2012, uko kilomita 45 hivi kusini mwa Bukavu kwa mstari ulionyooka. Kwa barabara, na hasa msimu wa mvua, hesabu hiyo haina maana. Mtu wa huko akitaka muziki wa saa moja kupitia intaneti ya simu atalipa mega kwa mega, na mtandao ukisita, wimbo nao unasita. Hapo ndipo umbo la miksi linapoonyesha akili yake. Saa moja ya muziki kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde ina uzito wa megabaiti 58 hivi. Kwa kiwango cha juu cha 320, megabaiti 144. Inaingia kwenye kadi ya memori ya bei rahisi kabisa na kubaki nafasi ya nyingine kumi. Ikishapakuliwa mara moja mjini, inanakiliwa kutoka flashi kwenda simu, kutoka simu kwenda simu kwa Bluetooth, bila mtu kuongeza hata senti.

Jambo kubwa zaidi ni mpangilio. Nyimbo kumi na mbili zikinakiliwa moja moja zitafika Luhwindja zimepangwa kwa alfabeti, na hakuna atakayejua ipi ilikusudiwa kufungua na ipi kufunga. Miksi haipanguliki. Wazo la DJ, kwamba huu utangulie, huu ungojewe, huu uje watu wakiwa wamekwisha kupata joto, linafika mlimani kama lilivyotoka kwenye chumba cha mtaa wa Ibanda, Bukavu, hata likipita mikono kumi. Ndiyo njia pekee ambayo kazi yake inaweza kumfikia mtu ambaye hatakanyaga ukumbini kamwe.

DJ anayewafikiria wasikilizaji wa namna hiyo hutengeneza tofauti. Dundo la hausi hukaa chini, kwenye hezi 50 au 60, na kipaza sauti cha simu hakifiki huko. Kinachosikika ni matoazi, tari, gita na sauti za watu. Miksi iliyojengwa juu ya besi peke yake, ikichezwa kwenye simu iliyowekwa ndani ya kikombe ili ilie zaidi, ni mlio mkavu tu. Kwa hiyo kabla ya kuigawa huisikiliza kwa simu, tena kwa bafle moja, kwa sababu spika mbili za kushoto na kulia ni anasa na vitu vilivyosukumwa pembeni sana hupotea. Mafundi wa studio kubwa hufanya jaribio hilohilo.

Baadhi ya waliofanya ufundi huu uvuke mipaka ya Afrika wanajulikana kwa majina. Rey Sapienz alitoka Bunia, Ituri, akajijenga Kampala, akashiriki kuanzisha lebo ya Hakuna Kulala katika familia ya Nyege Nyege, ambayo tamasha lake la ukingoni mwa Nile upande wa Jinja lilianza 2015. Mwaka 2021 alitoa Na Zala Zala akiwa na Congo Techno Ensemble. Kampire, DJ wa Uganda aliyekulia Ndola nchini Zambia, aliutangaza muziki wa Kongo kwenye majukwaa ya Ulaya, na 2024 akakusanya nyimbo za utoto wake katika A Dancefloor in Ndola. Sauti ya Kiswahili ya Mkenya Idd Aziz imo katika Kamili, aliyoifanya na Francis Mercier mwenye asili ya Haiti na Nitefreak wa Zimbabwe, na iko katika miksi za afro-hausi ambazo wachezaji wake hawajui neno moja la lugha hiyo. Na Black Coffee wa Afrika Kusini, aliyepoteza nguvu za mkono wa kushoto katika ajali ya 1990, aliunganisha nyimbo kwa mkono mmoja hadi akatwaa Grammy mwaka 2022.

Hata singeli, muziki wa kasi wa Dar es Salaam uliojulikana nje kupitia mkusanyiko wa Sounds of Sisso wa 2017, haiko mbali kama inavyosikika. Singeli ya mapigo 240 ni hausi ya 120 iliyogawanywa mara mbili: mguu unaweza kubaki na hausi wakati mabega yanakwenda na singeli. DJ mwenye moyo mgumu anaweza kuvuka daraja hilo katikati ya miksi. Asivuke mara nyingi.

Februari 2025 wapiganaji wa kundi la waasi la M23 waliingia Bukavu, na benki zikafunga milango. Katika majira ya namna hiyo miksi iliyorekodiwa ina kazi ambayo ukumbi hauna: watu wanne sebuleni, sauti imepunguzwa, na dansi haijafutwa.

Kuna adabu moja ya kugawana ambayo wengi huiruka. Wako ma-DJ wanaopiga kelele za majina yao juu ya wimbo kila nusu dakika, utadhani msikilizaji atawasahau akipumua, na hawataji hata mmoja kati ya waliotengeneza muziki wenyewe. Jina la DJ mara moja mwanzoni linatosha. Orodha ya nyimbo ndiyo deni halisi, pamoja na dakika kila mmoja unapoingia, ili kijana wa Luhwindja aliyependa kitu kwenye dakika ya 37 aweze kumtafuta mwenyewe. Kwenye flashi orodha hiyo huwekwa kama faili dogo la maandishi kando ya miksi, na anayenakili kwa haraka huiacha. Wenye busara huiandika ndani ya faili lenyewe la MP3, katika sehemu ya maelezo, nalo likinakiliwa linakwenda nayo.